Sentimita Mbili za Njano

Mbunge alipofungua futikamba ya fundi nguo mbele ya kamera, Mama Bendera alikuwa sebuleni kwake anamtazama kwenye televisheni huku anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Jina lake halisi lilibaki kwenye faili la ajira. Mtaani alijulikana kwa kazi yake tu, kwa kuwa kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameshona bendera za taifa katika karakana ya idara ya ugavi, na hakukuwa na shule wala kituo cha polisi katika nchi nzima ambacho mlingoti wake haukubeba kazi ya mkono wake.

Mbunge huyo alikuwa wa upinzani, wa chama ambacho wafuasi wake huvaa njano. Chama tawala huvaa zambarau. Vyama vyote viwili vilichukua rangi zao kutoka kwenye bendera, kila kimoja kikidai kwamba rangi yake ndiyo moyo wa taifa, na mstari wa tatu, wa bluu, ukabaki hauna mwenyewe. Mbunge aliipima bendera taratibu, mstari kwa mstari. Zambarau, sentimita thelathini. Bluu, thelathini. Njano, ishirini na nane.

"Wametupunguza," alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Walianza na kura. Sasa wamefika kwenye bendera."

Mdogo wake Mama Bendera, fundi redio aliyeishi chumba cha uani na kulala na fulana ya njano, alijipiga paja.

"Dada, umekaa nao humo ndani miaka yote hiyo. Hukuona?"

"Njano ni thelathini," alijibu. "Ninaikata mimi."

"Basi mbunge hajui kusoma namba."

"Labda hajui."

Lakini nguo aliyokuwa ameishika hakuikunja tena. Alinisimulia habari hii mara nne, kwa nyakati tofauti, na mara zote alianzia hapo, kwenye shati ambalo hakumbuki aliliweka wapi.

Kufikia kesho yake mchana, ofisi ya tawi la zambarau ilikuwa imechomwa moto. Jioni yake watu wa zambarau walivunja maduka mawili ya watu wa njano, wakisema upinzani umewahonga washonaji ili upate la kulalamikia. Vijana walisimama njia panda na futikamba shingoni, wakipima kila bendera iliyopita juu ya gari. Mama Bendera alipita katikati yao akielekea kazini, ameinamisha kichwa, hata haamini kwamba vurugu hii ilihusu kitambaa alichokipiga pasi Ijumaa.

Siku ya tatu polisi walimchukua Mzee wa Stoo, aliyetia saini kila mzigo wa bendera uliotoka karakanani. Alikuwa na kadi ya zambarau tangu ujana wake, na hilo lilitosha. Ilisemwa alipokea maagizo ya kuipunguza njano. Mkewe alikuja kwa Mama Bendera akiwa amevaa viatu visivyofanana.

"Ana sukari, mama. Dawa zake zimebaki juu ya friji, na pale kituoni wamezikataa. Wewe unamjua. Yule hata chumvi akiomba kwa jirani anarudisha."

"Namjua."

"Basi sema kitu."

Alikwenda karakanani peke yake. Juu ya meza ndefu ya kukatia vilining'inia vibao vitatu vya mbao nyembamba, kimoja kwa kila mstari. Havikuwa na namba. Fundi hukilaza kibao juu ya kitambaa, akachora kwa chaki pembeni mwake, kisha akakata. Bendera ikikamilika huilaza juu ya bendera ya jana, na zikilingana kingo, kazi imepita. Ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia, naye hakuwahi kuona sababu ya kupima kwa namba kitu ambacho jana kilikuwa sawa.

Alishusha kibao cha njano, akakipima. Ishirini na nane. Akapima upande wa pili. Ishirini na nane.

Hapo ndipo alipoukumbuka msasa. Kitambaa cha njano kilikuwa na nyuzi laini zinazonasa kwenye kila kibanzi, tofauti na vile viwili vingine. Kwa hiyo kila alipotaka kukata alikipitishia kibao msasa kidogo, mkono huu na mkono ule, ili kisimharibie kazi. Alikuwa akifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, kila wiki, kwa miaka ishirini na mitatu. Kila bendera ililingana na ya jana. Hakuna aliyewahi kuilinganisha na ya kwanza.

Aliketi sakafuni. Chini ya meza, kwenye pembe ambayo ufagio haufiki, kulikuwa na vumbi la mbao la rangi ya biskuti. Aliligusa kwa kidole. Ofisi ilikuwa imechomwa na maduka kuvunjwa kwa ajili ya vumbi lile.

Mdogo wake alipopata habari alimsihi asiende popote. "Watakumaliza wewe. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu, dada. Nyamaza, yatapita."

"Na yule mzee yapite naye?"

"Yule ni wa zambarau."

Alimtazama kijana aliyemlea kwa mikono yake, akamtafuta usoni mtu aliyemzoea.

Kamati ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi wa manispaa: jaji mstaafu katikati, mjumbe wa zambarau kulia, wa njano kushoto, na kwa siku nane wawili hao hawakuwa wamekubaliana hata juu ya saa ya mapumziko. Mama Bendera aliweka kibao mezani, akatoa kipande cha msasa na kitambaa cha njano, akawaonyesha. Msasa, chaki, mkasi. Jaji alipima kibao mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuagiza," alisema jaji.

"Hakuna, mheshimiwa. Kosa ni langu, na sikulijua. Mzee wa Stoo alihesabu bendera tu. Hakuwahi kushika kibao."

Mjumbe wa njano aliinamia kipaza sauti. "Mama, sema ukweli. Nani amekutuma?"

Mjumbe wa zambarau alimgeukia, akatikisa kichwa kwa kuafiki. "Hata mimi ndilo nililotaka kuuliza. Nani amekutuma?"

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana.

Taarifa ya kamati, yenye kurasa mia moja na kumi na mbili, inataja hila, uzembe na mikono isiyojulikana. Nimeisoma yote. Kibao hakimo. Mama Bendera aliandikiwa kustaafu mapema, kwa barua ya mistari minne. Lakini siku mbili baada ya ushahidi wake, mlango wa mahabusu ulifunguliwa bila maelezo, na Mzee wa Stoo akatoka na mguu mmoja uliovimba.

Jumapili yake alikuja nyumbani kwa Mama Bendera, anatembelea fimbo. Mwenyeji alimkaribisha, akamvutia kiti chenye mto, akasukuma kigoda ili aupumzishe mguu. Waliulizana hali. Waliongelea ile mashine ya karakanani isiyo na sindano, wakacheka kidogo. Mama Bendera alidhani mzee amekuja kushukuru, na alikuwa amekwisha kuandaa la kumzuia asishukuru sana.

Mzee aliangalia mlangoni, kama kuna mtu. Kisha akamsogelea.

"Mama Bendera, sisi tumetoka mbali. Polisi niliwaambia sijui kitu. Lakini mimi niambie, na itaishia hapa." Alimshika kiwiko. "Walikuwa kina nani waliokutuma?"

Mama Bendera aliutazama ule mkono kwenye kiwiko chake. Akainuka, akaenda kabatini, akamletea kile kibao na futikamba yake ya kazini, akamwekea mapajani.

"Pima," alimwambia.

Mzee hakuvigusa. Bado alikuwa anasubiri jina.