Salamu ya Gwandu

Siku ile kabla mambo hayajaharibika nilikuwa napura maharage kwangu Maretadu, nagombana na mke wangu kuhusu turubai. Yeye anasema panya wamelitoboa, mimi nasema ni mbuzi wake. Nalitaja turubai kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilipopiga kelele uwanjani kwangu bila kuogopa.

Zile mashine tuliziita vipanga, kwa jinsi zilivyozunguka juu kabla ya kushuka. Alizituma nani, sijui mpaka leo. Vijana wenye simu wanasema zilitoka kwenye nyota. Mimi niliishia darasa la tatu, habari za nyota sikufundishwa. Ninachojua zilifuata sauti ya mtu. Ng'ombe alie, mbwa abweke, fisi acheke, hazikujali. Mama akimwita mwanawe tu, inamshukia.

Kwa hiyo tuliishi kwa kunyamaza. Pa kuongelea palibaki ndani ya zile nyumba zetu za zamani, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo, ambazo watoto wetu walikuwa wanazionea aibu. Udongo ulimeza sauti. Waliojenga mabati yanayong'aa walikuja kutubishia hodi kwa kukwaruza mlango na kucha, na nikiri nilifurahi kidogo.

Kazi yetu ilikuwa kuwatoa watu wa Balangdalalu, kuwavusha tope la ukingo wa ziwa la chumvi na kuwapandisha kwetu milimani. Tulikuwa watatu. Mimi kiongozi, kwa sababu ya umri tu. Yustina wa Bashay, ambaye kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo za kwaya. Na Gwandu, mchunga ng'ombe wa kule tambarare, ameoa juzijuzi, analijua lile tope kama zizi lao. Gwandu alitangulia na kengele ya ng'ombe. Ikilia, njia ni nzuri, tumfuate.

Asubuhi moja tulikuwa upande wa Balangdalalu, kwenye nyumba ya udongo chini ya mlima, pamoja na familia za kuvusha. Gwandu akaingia, akachukua uji, akaketi. Hakunisalimia.

"Wewe, umelelewa na ng'ombe?" nikamwambia mbele ya watu. "Mtu mzima nimekaa hapa, unanipita kama gogo?"

"Mzee, kinywa kimezoea kufungwa. Kimeshika kutu."

"Kwenye uji mbona hakina kutu?" Yustina akadakia. Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. "Popote utakaponikuta leo, kwanza shikamoo. Mengine baadaye."

"Nimesikia, mzee."

Nikaridhika. Kifo kinazunguka juu ya paa, mimi nimeridhika kwamba kijana amenisikia.

Tukaingia kwenye tope na zile familia, kina mama wamewabana watoto vifuani. Upepo ulikuwa unainua vumbi la chumvi, mbele huoni vizuri. Katikati ya safari kengele ikanyamaza. Tukasimama.

Gwandu alikuwa anarudi kutuonyesha njia nyingine. Akatokea kwenye vumbi, karibu kabisa.

Akaniona. Akatabasamu.

"Shikamoo, mzee."

Kinywa changu kilishafunguka. Yustina akakiziba kwa kiganja chake.

Gwandu akajua. Nilimwona akijua.

Hakuja kwetu. Aligeuka, akakimbilia kwenye tope zito, akipaza sauti, shikamoo, shikamoo, kila hatua.

Kipanga kikashuka.

Kikazama naye. Hakikuinuka tena.

Wale watu tuliwafikisha milimani wote. Na mimi nikawasimulia wazee nilichoona, kwamba tope likikishika kipanga, halikiachi. Basi watu wakaanza kuweka simu zinazoongea kwenye tope, na vipanga vikawa vinajizamisha kimoja baada ya kingine mpaka vikaisha. Wakasema ni ujanja wangu. Nikasema ni kifo cha Gwandu, mimi nimekisimulia tu. Wakasema mzee ana unyenyekevu. Hebu niambieni, watu kama hao unawaeleza nini?

Kinachonisumbua ni lile tabasamu. Alisahau tulipo? Alinitania? Au alitii? Kama alitii, mimi ndiye niliyemfungua kinywa.

Nilimuuliza Yustina. Siku hizi anakaa benchi la nyuma kanisani, kwaya ikiimba anachezesha midomo tu, sauti haitoki. Nyumbani anaongea kwa kunong'ona.

"Ungejibu, tungekufa sote," akaniambia. "Na wale watoto."

"Lakini angekuwa amejibiwa."

"Mzee, usiniongezee mzigo. Mkono uliokuziba ni wangu."

Kila mwaka shule wananiita, shujaa aje aongee na watoto. Nikiingia tu, darasa zima linasimama: "Shikamoo babu!" Mimi nashindwa. Nainua mkono, naketi. Nimesikia walimu wakisema mzee ana majivuno. Mjukuu wangu naye ameacha kunisalimia, anapita tu na ndoo yake. Mama yake akamkaripia, nikamkaripia mama yake.

Kiangazi hiki niliteremka mpaka ziwani. Mke wa Gwandu aliolewa tena, mbali, hapakuwa na mtu wa kwenda kumpa pole, na kaburi hakuna, kuna ncha ya chuma tu imechomoza kwenye chumvi. Nikasimama pale. Nikasema kwa sauti, "Marahaba, Gwandu."

Ng'ombe mmoja akainua kichwa, akanitazama, akarudi kulamba chumvi.

Nikasubiri kidogo, sijui nasubiri nini. Kisha nikaanza kupanda mlima.