Mama na Kiyoyozi Kisichozimika

Kiyoyozi cha nyumba yetu ya Hail, mtaa wa Maskati, kilikataa kuzimika mwezi wa sita, siku ambazo maji ya mferejini hutoka ya moto hata hujawasha kitu. Ni kiyoyozi kimoja cha nyumba nzima. Mashine yenyewe iko juu ya paa, na baridi hushuka vyumbani kwa matundu ya darini. Nilibonyeza kidude cha ukutani, taa yake ikazimika, upepo ukaendelea kuvuma.

Nilikuwa naishi na mama yangu, sisi wawili tu. Baba alikwishafariki, na dada yangu kaolewa Matrah. Mama alizaliwa Unguja, akahamia huku mimi nikiwa mchanga, na siku zote aliichukia baridi ya mashine. Kwa hiyo aliponiambia, "Mwanangu, nna baridi," sikushangaa; hata mimi nilikuwa naona baridi. Nilimvisha sweta na soksi, nikamfunika blanketi, nikamwita fundi.

Fundi wa kwanza alibadilisha kidude cha ukutani. Mashine ikanyamaza, tukamshukuru Mungu. Baada ya sala ya alasiri ikaanza tena. Nilipompigia aliniambia nisiiguse swichi kubwa ya umeme, nitaiunguza mashine, ningoje kampuni yake imtume mtu mwengine. Nikapanda ngazi, nikaliziba tundu la chumba cha Mama kwa kipande cha boksi na gundi ya karatasi. Nilijiona hodari.

Siku hizo Mama alikuwa hali chakula vizuri. Nikipika wali anakula vijiko viwili, kisha anaisukuma sahani taratibu ili nisione. Anasinzia mchana kutwa. Yote nikayabandika kwenye kiyoyozi. Siku moja nilimkuta jikoni, mahali pasipo na tundu hata moja, kasimama karibu na jiko la gesi, mikono kaificha kwapani.

"Hata huku nna baridi," aliniambia.

"Imekuingia mifupani, Mama. Itatoka mashine ikitengenezwa."

Akaitikia kwa kichwa. Hakubishana nami.

Fundi wa pili alikuja baada ya wiki, asubuhi, mwenyeji wa Mombasa. Alimwamkia Mama shikamoo, akaniuliza mashine inafanya nini na inaanza saa ngapi, halafu akazima swichi kubwa bila wasiwasi wowote na kupanda juu ya paa. Alikaa huko juani muda mrefu. Aliposhuka alikuwa ameshika kifaa cheusi kidogo kuliko kiberiti cha jikoni. Alinionyesha ndani yake vipande viwili vya chuma vilivyotakiwa kugusana na kuachana. Vilikuwa vimeungua na kushikana.

"Umeme ulikuwa unapita tu," alisema. "Ungebadilisha vidude vya ukutani mpaka uchoke. Nimeweka kipya, sasa kitazimika."

Nilimshukuru. Yeye hakuondoka. Alikuwa akimtazama Mama, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nje, pale jua linapopiga, na sweta lake limefungwa vifungo vyote.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimezima tangu nilipofika. Zimepita karibu saa mbili nzima. Humu ndani mimi natota jasho. Mama bado anatetemeka."

Nikatoka, nikamshika Mama mkono. Ulikuwa mkavu na baridi, na kiganja kimekuwa cheupe kama karatasi. Sijui kilikuwa hivyo tangu lini.

Nilimpeleka hospitali siku ile ile. Damu ilikuwa imepungua sana. Baadaye wakaona uvimbe tumboni, uliokuwa ukivuja kidogo kidogo. Daktari aliuliza baridi ilimwanza lini.

"Tangu kiyoyozi kiharibike," nikajibu mimi.

"La," Mama akasema pale kitandani. "Tangu Ramadhani."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilidhani uzee. Kisha mashine ikaharibika, na wewe pia ukawa unaona baridi. Nikafurahi. Nikasema kumbe si mimi, ni mashine."

Alifariki kabla joto halijapungua. Tulimwosha mimi na dada yangu, na wanawake wawili wa jirani. Siku ya tatu ya matanga, wageni walipotawanyika, nilimweleza dada habari ya jikoni, neno aliloniambia na jibu nililompa. Alilia, kisha akanishika bega.

"Daktari kasema wiki moja isingebadilisha kitu. Nilimwuliza mwenyewe."

"Ulimwuliza kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa nampigia Mama simu kila siku, na kila siku namwuliza habari ya kiyoyozi."

Daktari namwamini. Akili yangu imekubali kwamba ugonjwa ule ulikuwa umekwishakwenda mbali. Kinachonirudia ni zile jioni nilizotoka kazini na kuanza kuzunguka ukumbini na simu sikioni, nikigombana na watu wa kampuni kwa ajili ya Mama, sauti juu, mgongo nimempa. Yeye alikuwa kwenye kochi, kajikunja ndani ya blanketi, ananingoja nimalize.