Hitima ya Siku ya Fainali: Bao la Sefu Ambalo Dada Yake Hakuliona

Jua halijapanda sawasawa juu ya minazi ya Tiwi, na tayari Twaiba Mbwana ana povu mpaka viwikoni. Mbele yake yako makarai mawili. Moja lina shuka za nyumba za wageni za huko ufuoni, la pili lina jezi za Mwamba, timu ya kijiji. Anazifikicha moja moja, anazisuuza, anazikamua, na kabla ya kuanika anazigeuza ndani nje.

"Ni kwa sababu ya jua," anaeleza. "Rangi isipauke."

Kisha anacheka, na mtu akicheka vile ujue lipo jingine. Kifuani mwa kila jezi limeandikwa jina la hoteli. Zikigeuzwa, wapita njia hawalisomi.

Twaiba ana miaka arobaini na minne, na ishirini na mitano kati ya hiyo ameimaliza akifua nguo za watu. Siku njema hupata shilingi mia na hamsini. Siku za mvua shuka hazikauki, na mwenye shuka hataki kusikia habari za mvua. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea Sefu, mdogo wake, aliyeachwa na mama yao mikononi mwake akiwa ndiyo kwanza anasimama dede.

"Nilimfunga mgongoni kwa leso huku nafua," anasema. "Akilia, nampa povu achezee. Alipoanza kupiga teke kila kitu, nikajua huyu ni wa mpira. Teke la kwanza alipiga ndoo yangu ya maji masafi. Nilimchapa, wallahi."

Leo Sefu ni mshambuliaji wa Mwamba. Na hadithi ya Twaiba, ukimwacha aisimulie kwa raha zake, ni hadithi ya Mwamba.

Eeh, Mwamba ile ya zamani! Anayeijua Mwamba ya leo tu hajui kitu. Jezi zilinunuliwa kwa michango ya madafu na makuti, zikawa nyeupe kwa kuwa nyeupe ndizo zilizokuwa rahisi, na Twaiba akazitia rangi ya kijani mwenyewe ndani ya sufuria ya pilau. Mechi ya kwanza mvua ikanyesha. Wachezaji wakarudi na miguu ya kijani, na sufuria ile mpaka leo haipikiwi wageni.

Golini alisimama Chome, mpasua mawe ya matumbawe, mwenye viganja vipana kama sinia. Nje ya mstari alisimama Mbithe, mama wa Kikamba auzaye nyanya na vitunguu Kona ya Musa, kule Ukunda, ambaye wazee wake walikuja kulima huku zamani. Mbithe ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akiimba Kikamba, Wadigo wanaitikia. Akichanganya Kidigo chake kibovu, wanamcheka mpaka wanashika mbavu. Mwamba ikishinda, watu walirudi kwa miguu mpaka Kona ya Musa, wakiimba njia nzima.

"Hatukuwa tukiulizana nani wa wapi," anasema Twaiba. "Ulikuwa ukiulizwa timu yako tu. Zile siku nazitamani mpaka naumwa."

Kisha ukaja Agosti wa mwaka 1997, na kila mtu wa pwani hii anajua ulikuja na nini. Watu wa bara walifukuzwa, vibanda vikachomwa. Meza ya Mbithe ilikuwa miongoni mwa zilizoteketea. Alikimbilia Kitui na watoto, akarudi mwaka uliofuata akaanza upya na debe moja la nyanya. Kwenye mechi alikuja, ila hakuanzisha tena wimbo.

Ni mwaka huohuo, 1998, tajiri mmoja mwenye hoteli aliponunua kipande cha ardhi upande wa bahari akakizungushia ua. Ndani ya ua kulikuwa na kisima na makaburi ya kijiji. Chome alikwenda kufyeka majani kwenye kaburi la mamake, kama afanyavyo kila mwaka. Walinzi wa ua walimpiga, wakamvunja mkono wa kulia.

Mwezi haukupita, tajiri yuleyule akatangaza kombe. Alitoa jezi mpya, mipira mipya, na fahali wa mshindi. Mwamba ikacheza vizuri kuliko miaka yote, ikaingia fainali.

Hapo ndipo kijiji kilipogawanyika. Wako waliosema mashabiki wasikanyage kiwanjani, kwa kuwa huwezi kumpigia makofi mtu aliyemvunja kipa wenu mkono. Wako waliosema mpira una kosa gani? Na Chome mwenyewe, mkono ukiwa shingoni, aliwaambia waende.

"Nimevunjwa mkono, sikuvunjwa macho," alisema. "Mimi mwenyewe nitakwenda kutazama."

Ubishi mkali ulitokea kisimani, kile kingine cha mbali ambako sasa ndiko wanakochota wote. Twaiba alikuwa akisema mashabiki wasiende. Mbithe akatua ndoo yake.

"Da Twaiba, nikuulize," akasema. "Mwaka jana mimi nilipochomewa, ligi ilisimama wiki ngapi?"

Watu wakainamia ndoo zao.

"Mlicheza," Mbithe akasema. "Nilikuwa Kitui nasikia mmecheza. Hakuna aliyesusia mpira kwa ajili yangu."

Twaiba anapolikumbuka neno hilo huacha kufua. "Lilinichoma. Nilitafuta la kumjibu mpaka leo sijalipata."

Hata hivyo hakubadili nia. Lakini kususia nako kulikuwa na hatari zake. Onyo lilikwisha kutolewa barazani kwa chifu kwamba atakayewachochea watu wasiende atalala ndani. Mikutano ilihitaji kibali, na nani angewapa kibali cha kukaa nyumbani?

Wazo likamjia Twaiba akiwa anapiga pasi. Hitima! Mama Chome hakuwa amesomewa hitima mwaka ule. Na hitima haiombewi kibali. Watu hutandika majamvi, husoma Kurani wakamwombea marehemu, kisha hula. Hakuna askari wa pwani hii atakayemtoa mtu hitimani ampeleke mpirani. Hata mamake askari hatamsamehe.

Wazee walilipokea wazo kwa furaha isiyofichika. Ikapangwa hitima isomwe nyumbani kwa Chome, siku ya fainali, baada ya sala ya alasiri, saa ileile ya mpira. Chome alinung'unika kwamba anazuiwa kutazama fainali kwa kisingizio cha mama yake mwenyewe. Lakini mtu hakatai mamake kusomewa.

Aliyeumia ni Sefu. Alimjia dada yake jioni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, kuna watu wa timu ya Mombasa wanakuja kuniona. Nimekwambia hilo?"

"Umeniambia."

"Tangu nianze kucheza hujakosa mechi yangu hata moja."

"Najua, mwanangu."

"Basi ndiyo unaanza na hii?"

Twaiba alimwambia yeye acheze, hakuna aliyemkataza. Wachezaji wana yao na mashabiki wana yao. Akampa jezi yake, imepigwa pasi ya makaa, imekunjwa vizuri. Sefu aliipokea akaondoka bila kusema ahsante.

Siku ikafika. Nyumba ya Chome ilijaa mpaka uani. Wanaume wamekaa majamvini na juzuu mikononi, wanawake wako jikoni na masufuria. Mbithe naye akatokea, Mkristo wa watu, kajifunga leso kichwani na fungu la vitunguu kwapani. Akaketi kwenye kigoda akaanza kumenya.

"Karibu, Mama Mbithe," Twaiba akamwambia, macho chini.

"Nimekaribia," akajibu. "Nimekuja ili siku nyingine na nyinyi mjue njia ya kwangu."

Kiwanja hakiko mbali na hapo. Visomo vikipumzika, filimbi ilisikika waziwazi. Ilisikika peke yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushangilia. Tajiri na wageni wake walikuwa chini ya turubai, na viti vitupu vikiwazunguka.

Katikati ya kisomo wakaingia wageni wawili wenye kofia na kanzu safi. Walivua viatu, wakatoa salamu, wakasema poleni kwa msiba. Watu wakasogea, wakapewa nafasi na juzuu. Hakuna aliyewauliza watokako; mtu hahojiwi hitimani. Dua ilipomalizika, Twaiba mwenyewe akawaletea sinia la pilau. Walikula kwa adabu, wakalisifia.

"Marehemu amefariki lini?" mmoja akauliza.

"Mwaka wa tisa sasa," Chome akamjibu.

Wageni wakatazamana. Yule mrefu akamgeukia Twaiba, aliyekuja na maji ya kunawa.

"Samahani, dada. Sisi tumetoka Mombasa kumtazama mchezaji mmoja, Sefu Mbwana. Tulipofika njia panda tukauliza, tukaambiwa watu wote wako hitimani. Tukajua mpira umeahirishwa, tukaona si ungwana kurudi bila kutoa pole. Huyo kijana yumo humu?"

Twaiba anasema birika lilimponyoka.

"Yuko kiwanjani," akamjibu.

"Anafanya nini kiwanjani na watu wako hitimani?"

"Anacheza fainali."

Na kosa lao lilikuwa la kiungwana kabisa. Ni nani wa pwani hii asiyejua kwamba palipo na msiba mpira haupigwi? Laiti wangekuwa na adabu kidogo tu pungufu, wangefika kiwanjani.

Walikimbia bila kumaliza kunawa. Walipofika, wachezaji walikuwa wanavua viatu. Mwamba ilikuwa imeshinda mabao mawili kwa moja, yote mawili ya Sefu. Kipa wa wapinzani, mtu mzima asiyesifu ovyo, alisema la pili hajawahi kufungwa mfano wake. Wageni walimpa Sefu mkono, wakasema watarudi, wakawahi feri ya Likoni. Hawakurudi.

Usiku ule Sefu alikuja kwa dada yake, akaketi.

"Mliwalisha pilau?"

"Tuliwalisha."

"Wakashiba?"

Kwa miezi sita Sefu hakula nyumbani kwake, na nguo zake alizifua mwenyewe, vibaya, anasema dada yake, na machozi na kicheko vinampata kwa pamoja.

Je, ilifaa kitu? Msomaji ana haki ya kuuliza. Habari za tajiri aliyetoa kombe mbele ya viti vitupu zilienea mpaka Msambweni, watu wakizicheka. Baada ya wiki chache ukakatwa mlango mdogo kwenye ua, na siku za Ijumaa watu huruhusiwa kuzuru makaburi yao. Chome alikwenda wa kwanza, akafyeka kwa mkono wa kushoto. Lakini kisima bado kimefungwa, na aliyemvunja mkono hajaulizwa neno.

Na Agosti hii kombe linarudi.

"Ningeulizwa tena ningefanya vilevile," anasema Twaiba. "Na ningelia vilevile. Watu wanadhani ukifanya la haki moyo hutulia. Hautulii! Nimemkosesha ndugu yangu, na yeye ndiye mtoto niliyepewa."

Mbali na kufua, sasa ana lake jipya. Yeye na Mbithe wanakusanya michango ya kombe la wanakijiji wenyewe, litakalochezwa Desemba, kwa jezi zisizo na jina la mtu. Nyeupe, kwa kuwa bado ndizo rahisi. Mbithe ametoa sharti moja, kwamba mechi ya kwanza ichezwe Ukunda, karibu na pale ilipokuwa meza yake. Limekubaliwa. Anasema siku hiyo huenda akaimba, ila asiharakishwe.

Sefu ana miaka ishirini na sita, anajenga nyumba za watu, na magoti yameanza kulalamika. Wiki iliyopita alimwambia dada yake kwamba Agosti hatacheza. Atakaa pamoja nao, popote watakapokaa. Ila atakaa mbali na lile sinia.

"Namwomba Mungu Desemba ifike magoti yakiwa mazima," anasema Twaiba. "Nimwone kwa macho yangu. Mara moja tu inanitosha."

Kwa mwaka mzima alikuwa akimwuliza bao lile la pili alilifungaje, na kwa mwaka mzima jibu lilikuwa moja: "Ungekuja ungeliona."

Jumapili iliyopita Sefu alikuja kula. Baada ya chakula, bila kuulizwa, alitwaa chungwa mezani akatoka uani. Akamsimamisha dada yake kati ya nguzo mbili za kamba za nguo. Wewe ni kipa, akamwambia. Beki mmoja ni karai, wa pili ni mtungi. Akalipitisha chungwa kati yao, akalipiga kwa kisigino, likapita chini ya shuka za wageni, likagonga ukuta, likapasuka.

Twaiba alipiga vigelegele mpaka pumzi ikamwishia. Majirani wakaja mbio, wengine na miiko mikononi, kuuliza nani anaolewa.

"Nikawaambia haolewi mtu," anasema. "Sefu amefunga bao."