Zawadi za Krismasi kutoka Mzinga wa Baba

Mwaka ule wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, niliazimia kuwakerezea watu wa nyumbani zawadi za Krismasi. Kerezo yangu, mtambo wa kuzungusha mti unapochongwa kwa patasi, niliiunda mwenyewe kwa kanyagio la cherehani mbovu, baada ya kumtazama fundi mmoja wa Kihindi mjini Embu. Nilimtazama mikono, si uso, na hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Bakuli na miiko sikuvitaka. Kila nyumba ilikuwa navyo. Nilitaka vitu vipya: kikebe cha ugoro cha mama, chenye kifuniko cha kubana, pia ya kuchezea ya ndugu yangu mdogo, yenye tumbo tupu na tundu ubavuni ili ivume ikizunguka, na kasha jembamba la sindano la dada yangu, aliyekuwa ameanza kushona. Vitu vya namna hiyo havitaki mti mbichi. Mti mbichi hukauka baadaye, kifuniko kikakwama au kikapasuka. Na mti mkavu haukupatikana. Msitu ulikuwa umefungwa, na homugadi waliolinda lango la kijiji kwa niaba ya serikali hawakumruhusu mtu kuingiza hata kuni.

Nilimlalamikia mama. Aliingia ndani, akatoka akiburuta mzinga wa nyuki wa baba.

Tulipohamishwa kwa nguvu kuja kijijini, wengine walibeba vyungu na vitanda. Mama alibeba mzinga huo mgongoni, gogo la mti wa muringa lililochimbwa ndani, kwa kuwa baba alikuwa kizuizini na angeuhitaji akirudi. Kwetu mzinga wa mtu aliye hai haupasuliwi. Hupasuliwa akishazikwa.

“Huu umekauka,” alisema.

“Mama, huo ni wa baba.”

“Najua ni wa nani. Si mimi niliyeubeba?”

“Akirudi atauliza.”

“Harudi, mwanangu. Yule jirani aliyeachiliwa juzi alinikuta shambani. Yeye ndiye aliyemfukia.” Akapangusa vumbi kwenye gogo kwa kiganja. “Wadogo zako usiwaambie. Waache wale Krismasi kwanza.”

Nilileta shoka. Yeye alilishikilia gogo, mimi nikapasua.

Patasi ilipogusa mti, harufu ya nta na moshi ilijaa kibandani mwangu. Ilinibidi kusimama mara kwa mara na kujifuta macho, maana asiyeona vizuri hukata kifuniko kikalegea. Kikebe kilinichukua muda kuliko vyote. Nilikijaribu na kukijaribu tena mpaka kikafunga bila kulazimishwa.

Asubuhi ya Krismasi, tulipotoka ibadani, mama aligawa zawadi mwenyewe.

“Hizi zimetoka kwa baba yenu,” alisema.

Ndugu yangu alizungusha pia yake, ikavuma. “Kumbe mzee anajua kukereza!”

“Tena amekushinda, kaka,” dada yangu alinitania, akifungua na kufunga kasha lake. “Vyako wewe hupinda kama mkia wa nguruwe.”

“Amenishinda,” nilisema.

“Alijifunza wapi?” ndugu yangu aliuliza.

Nilimjibu kwamba huko aliko wana kerezo nzuri, na mafundi wa kumwelekeza. Akaniuliza kama watamruhusu aje nayo nyumbani. Nikasema labda.

Mama alikuwa amekishika kikebe, hajatia ugoro. Alisimama, akatuambia anakwenda kutazama moto, na moto ulikuwa hapo hapo katikati yetu.