Jumanne Isiyopimwa

Mume wangu alifariki Jumanne, saa tatu asubuhi, nyumbani kwetu Kihesa. Saa hiyo ndiyo aliyokuwa akitoka uani kila siku kusoma kipimo cha mvua na kujaza daftari la watu wa hali ya hewa. Tangu kesho yake, najaza mimi.

Juzi nililipeleka daftari ofisini kwao. Karani, dada mwenye sweta zito, akaweka kidole kwenye Jumanne ile.

"Mama, hapa pako wazi. Mvua haikunyesha?"

"Ilinyesha, mwanangu. Sikutoka kupima."

"Basi niweke sifuri. Kompyuta haikubali pakiwa wazi."

"Usiweke. Sifuri ni ya mtu aliyekwenda kutazama akakuta pakavu. Mzee hakuandika asichokiona."

Karani akaandika pembeni kwa kalamu: haikupimwa. "Pole, mama. Kompyuta nitagombana nayo mwenyewe."

Nadhani ziko ripoti nyingi zilizojazwa na watu ambao hawakutoka nje. Mimi bado natoka, nasoma namba kwa sauti, na ndani hakuna anayeuliza ni ngapi.

Ee Mungu, mpumzishe mume wangu, umfunulie yote aliyokuwa akiyauliza kuhusu mawingu yako. Amina.