Wimbo wa Mama Nilioutoa kwa Roho Yangu Yote

Nilisikia sauti ya mama yangu ikitangaza pombe.

Nilikuwa kazini Ruiru, kwenye duka la yunifomu ambapo mimi hushona nembo kwenye sweta za watoto. Gari la matangazo lilipita polepole, lile la spika kubwa na wasichana wanaocheza juu yake, na kutoka kwenye spika hizo mama yangu akaimba, "Moja, kidole changu! Mbili, vidole vyetu!" Kisha ngoma ikalia na mwanamume akadakia, "Tatu, chupa zetu! Nne, ongeza ingine!"

Mwenzangu wa mashine ya pili alikuwa ashaanza kutikisa mabega. "Hii ngoma ni tamu, ama?"

Hakujua ni nani anaimba. Mimi sindano ilikuwa imeniingia kidoleni, na sikuisikia mpaka nilipoona damu kwenye nembo ya shule ya watu.

Wimbo huo mama aliutunga nikiwa mdogo. Tulikuwa tukikaa mlangoni kwetu Landless, mtaa wa Thika, jioni tukimngoja Baba, na ili nisiulize mara ya kumi Baba yuko wapi, mama alinishika vidole kimoja kimoja. Moja, kidole changu. Mbili, vidole vyetu. Tatu, Baba anakuja. Baba alikuwa fundi mzuri wa mbao, watu walimsifu, lakini pombe ilimchukua kabla sijaingia darasa la nne. Mama, aliyekuja Thika kutoka magharibi akiwa bibi harusi, alibaki na mimi na huo wimbo. Siku hizi anafundisha watoto wa chekechea kanisani, na bado anahesabu nao hivyo hivyo, kwa vidole na kwa maharagwe.

Sasa mimi ni mtu wa ndoto. Shule niliimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sipendi kuulizwa, lakini kichwani mwangu mna mambo makubwa. Nilijiambia, mtoto wa Turkana anaweza kujifunza kuhesabu kwa mama yangu bila kufika Thika! Nikamrekodi kwa simu, video sita fupi, mama akidhani ni za kuangalia sisi wenyewe. Halafu nikazipandisha kwenye tovuti moja ambapo walimu huweka masomo ya bure.

Mwishoni tovuti iliuliza habari ya hakimiliki. Chagua leseni, ilisema. Kulikuwa na ya kuruhusu watu watumie lakini si kwa biashara. Kulikuwa na ya kuruhusu lakini wasibadilishe kitu. Na kulikuwa na ya kuruhusu yote, kubadilisha, kuuza, chochote, mradi wataje jina la mwenye kazi.

Kanisani kwetu mtu akisimama kutoa kitu, iwe kuku au kiti cha plastiki, mzee wa kanisa humuuliza, "Umetoa na roho yako yote?" Naye hujibu, "Yote!" na makofi yanapigwa. Hujawahi kusikia mtu akisema, "Kuku wangu asiliwe na fulani." Basi zile leseni zingine niliziona za watu wachoyo. Nikachagua ile ya yote. Na kwa sababu kanisani jina la mtoaji husomwa kwa sauti, pale walipouliza mwenye kazi atajwe vipi, niliandika jina lote la mama, nikaongeza "mwalimu", nikaongeza na kanisa lake. Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu kwenye chumba nilichopanga Mugutha.

Siku hiyo ya gari la matangazo niliomba ruhusa nikaenda mtaa wa Kahawa Wendani kwa mteja wetu mmoja, dada anayesoma mambo ya sheria chuoni. Nilimsimulia habari ya tangazo la pombe, nikampa simu ukurasa wa leseni ukiwa wazi, kidole changu kikiwa bado na damu.

"Sasa sista, mbona uko hivyo?" Akasoma. "Wewe! Ulichagua hii?"

"Ndiyo. Nataka kuirudisha."

"Hairudi. Unaweza kubadilisha kwa wale watakuja baadaye, lakini mwenye ashachukua, ashachukua."

"Hata wa pombe?"

"Ulisema hata biashara." Kisha uso wake ukang'aa. "Lakini ngoja, kuna kitu wamekosea! Hawajataja jina. Tuwaandikie, itabidi walitaje!"

"Walitaje lipi?"

Akashuka chini ya ukurasa, akasoma jina la mama, na mwalimu, na kanisa. Akanirudishia simu. "Woi," akasema polepole.

Kuanzia hapo nikawa na hofu mbili. Ya kwanza, mama asikie. Ya pili, wale watu wafanye jambo sahihi. Yule dada alinisaidia kuwaandikia kwamba hatutaki jina litajwe, maana leseni yenyewe inaturuhusu kuomba hivyo. Hawakujibu. Kila spika iliyolia Ruiru, hata ya muuza dawa ya panya, nilisimama kusikiliza kama itataja jina la mama. Na bango lao lilisema Jumamosi watakuwa Thika, karibu na soko ambapo mama hununua maharagwe ya darasa.

Ijumaa nikaenda Landless. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama, umekonda," akaniambia. Watu wetu huwaita mabinti mama. "Hawakulishi huko?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa nitashindwa. Akataka kusikia. Tangazo lilikuwa mtandaoni, nikaliweka. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa ndani ya maharagwe.

"Wametoa tatu yangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani aliwapatia?"

"Ni mimi. Nilitaka kutoa na roho yangu yote."

"Kitu changu," akasema. "Ulitoa kitu changu na roho yako yote." Hakupaza sauti, na hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote. Ningependa anipige kofi. Alichambua maharagwe machache, kisha akaniambia nimsomee zile leseni, moja moja, polepole. Nikasoma.

"Hiyo ya si kwa biashara. Weka hiyo kwa zote sita."

"Si nizifute tu?"

"Mtoto wa Turkana amekosa nini?"

Nikabadilisha. Kisha akasimama, akajifunga kitambaa kichwani. "Wazazi wasisikie kwa spika. Tunaenda nyumba kwa nyumba, sasa hivi, na wewe ndiye utasema."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa jirani mmoja mwenye watoto wawili katika darasa la mama. Kabla hatujabisha, tukasikia mdogo akiimba ndani. Moja, kidole changu. Mbili, vidole vyetu. Mama alinishika mkono kwa nguvu, nikajua naye anaogopa. Gari lingekuja kesho, lakini tangazo lilikuwa mtandaoni tayari; mtoto huyu ameshalisikia ama bado?

"Tatu," mtoto akaimba, "Baba anakuja."

Mama akaniachilia, akabisha. "Haya," akasema. "Anza."