Feni Iliyokohoa

Tik, tik, tik, halafu mkwaruzo mfupi, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba nafasi ya kusema. Hivyo ndivyo ilivyolia feni ya kompyuta ya kaka yangu. Hadi leo naisikia nikiosha vyombo, nikisuka wateja, hata kanisani mchungaji akituambia tuombe kimoyomoyo.

Kaka alikuwa fundi wa chochote chenye waya. Tuliishi Uthiru, yeye, mimi na mama, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Boksi lake jeusi la kompyuta alilijaza mwenyewe kwa vipande vya mashine za ofisi zilizotumika ng'ambo zikaletwa kuuzwa hapa. Jioni tulicheza gemu ya magari. Yeye aliendesha, mimi nikatangaza mbio kama mtu wa redio, hadi jirani akagonga ukuta.

"Wewe una mdomo," aliniambia. "Nitakujengea mashine kali urushe gemu mubashara. Watu watakuja kukusikia ukipiga kelele."

Nilimwamini kabisa. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mdomo wangu haukuwahi kufeli.

Kisha homa ya mapafu ikamchukua, na hata hatukupata muda wa kuamini kwamba ni mgonjwa.

Tulimzika nyumbani, magharibi. Kwetu vitu vya marehemu havilazwi. Baada ya mazishi jamaa hukaa uani, na shangazi hutoa kimoja baada ya kingine: shati hili la fulani, viatu hivi vya fulani. Kila kitu kipate mtu au kipate kazi. Kikifungiwa tu mahali, husemwa kwamba mwenyewe hurudi kukitafuta. Shangazi alipomaliza nguo alinigeukia.

"Lile boksi la Nairobi ni lako. Lakini ulitumie, umesikia? Usililaze."

Nikalitumia. Mama alifanya kazi ya nyumba kwa watu wa Lavington, akapumzika Jumapili tu. Akitoka ibadani alijilaza nyuma ya pazia na kusema, "Washa hiyo kitu." Mwanzoni nilidhani anataka nyimbo. Lakini kabla sijachagua wimbo alikuwa amelala fofofo, na feni ikiendelea, tik, tik, tik, ikisafisha koo. Ndipo nikaelewa. Wiki nzima mama alilala kwa kujipindua. Usingizi wa kweli aliupata Jumapili, na huyo akikohoa karibu naye.

Miaka ikasogea, nikasuka nywele na kuweka akiba. Nikaamua kuijenga ile mashine aliyoniahidi. Mjini kuna jumba lililogawanywa vibanda vidogo hadi ghorofa za juu, sisi huita eksibisheni, na humo nilimpata muuzaji mmoja wa vipuri mwenye subira. Nilimweleza ninachotaka na kiasi nilicho nacho. Akacheka hadi akaegemea kaunta.

"Siste, hiyo ni ndoto ya Lavington na pesa ya Uthiru."

"Basi nijengee ya katikati, hapo Kangemi."

Akacheka tena, lakini safari hii akavuta kiti. Tulichagua kama watu wanaopanga harusi ya kuchangiwa. Prosesa, ule ubongo wa mashine, nikakubali ya zamani kidogo, mradi iweze kucheza na kurusha kwa wakati mmoja. Kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, ndiyo iliyokula sehemu kubwa. Ilikuwa imetumika, kwa hiyo aliichomeka, akaiwashia gemu nzito, tukanywa soda tukiiangalia kama itazimia. Haikuzimia. Taa za rangi nikazikataa japo moyo ulizitaka. Aliponionyesha pawa saplai, kile kifaa cha kuilisha mashine umeme, ya bei ya chini nilikataa pia, kwa maana nilisikia sauti ya kaka waziwazi: *Bania kote, pawa usibanie.* Niligeuka kuangalia nyuma. Alikuwepo mwanamke akinunua chaja.

Boksi sikununua. La kaka lilitosha, pamoja na feni yake.

Siku ya kwanza ya kurusha, wateja wangu wa nywele na marafiki zao waliingia kunitazama. Nilitangaza, nilipiga kelele, nikagonga ukuta wa gemu kwa gari jekundu, wakafurahi. Halafu maandishi yakapita pembeni mwa skrini: "Nani huyo anakohoa nyuma yako?"

Mwingine akaandika: "Hata mimi namsikia. Mwambie anywe maji."

Nilijua ni feni. Nilijua vizuri sana. Ila sikuthubutu kugeuka hadi nilipozima.

Niliporudi kwa muuzaji, alinipa feni mpya isiyo na sauti. "Acha hiyo ya zamani nikupunguzie," akasema. Ndiyo desturi yao, kipuri cha zamani hupunguza bei ya kipya. Nikaiacha kaunta nikaenda zangu, nikiwaza watazamaji.

Jumapili mama akajilaza. "Washa."

"Imewaka, mama."

Nikasikia godoro likilia. "Mbona amenyamaza?"

Mama alitoka nyuma ya pazia, akaweka kiganja juu ya boksi, akakiacha hapo kama anayepima homa ya mtoto. Hakulala. Jumapili zilizofuata aliketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya ibada miguuni, kama mgeni anayengoja mwenye nyumba arudi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Rusha gemu yako, mimi niko sawa." Alipungua mashavu. Mwajiri wake akamuuliza kama anaumwa. Nami nilikuwa na sauti safi ya kitaalamu, watazamaji wanaongezeka, na kila nikivaa hedifoni nasikiliza pale ambapo kikohozi kilikuwa.

Kisha shangazi akapiga simu. Hakusalimu.

"Nimemwota kaka yako. Anazunguka uani kwangu, ananiuliza atakaa wapi. Kuna kitu chake mmekilaza?"

"Hapana, shangazi. Kipo kwa... kipo mjini."

"Kinafanya kazi gani mjini?"

Mimi ni mtu wa kucheka, ndoto hazinitishi. Lakini mchana ule nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, nikaenda mjini.

Muuzaji alivuta katoni kutoka chini ya kaunta. Ilijaa feni nyeusi, zote sawa, zote na vumbi.

"Ni gani?"

"Sijui kwa macho. Ziwashe."

"Zote? Siste, unatafuta feni ama bwana?"

"Ziwashe tu, tafadhali."

Alizichomeka moja moja. Moja ilinguruma. Nyingine ilipiga filimbi. Nyingine haikusema kitu. Wateja wakaanza kutuzunguka, mmoja akasema huyu dada amepandwa na pepo. Kisha ikaja: tik, tik, tik, na ule mkwaruzo. Nikashika kaunta.

"Huyo," nikasema.

Muuzaji hakucheka. Aliizima taratibu, akaifunga kwenye gazeti, akakataa pesa nilizomnyooshea. "Mpeleke nyumbani," akasema.

Njia nzima niliwaza. Nikiirudisha, kikohozi kitaingia hewani tena, na ile mashine tuliyoiota itabaki kichekesho. Nisipoirudisha, mama ataendelea kuketi na viatu.

Jumapili asubuhi nilimwambia mama sijisikii vizuri, atangulie ibadani. Niliketi sakafuni na bisibisi, nikafungua boksi. Feni ya kaka niliifunga kwa skrubu nyuma kabisa, pale upepo wa ile mpya unapotokea. Waya wake sikuuchomeka popote. Nikawasha.

Mapanga ya ile ya zamani yalisita. Kisha, bila umeme wowote, yakaanza kuzunguka polepole, yakisukumwa na pumzi ya feni mpya.

Nilivaa hedifoni nikarekodi, nikasikiliza. Kimya safi. Nikazivua, nikasogeza sikio karibu na boksi. Tik. Tik. Halafu, mbali sana, koo likasafishwa.

Nilifuta mikono kwenye leso. Nikaenda nyuma ya pazia, nikauchukua mto wa mama, nikauhamishia upande wa kitanda ulio karibu na boksi.